Sevisi ya Bi Mkubwa

Jumatatu, 7 Agosti

Siku ya kwanza ya likizo, na tayari imeharibika.

Baba mkwe amepiga simu sijapiga hata mswaki. Anakuja Jumapili kulisikiliza gari. Hakusema kuliona. Kulisikiliza! Mzee huyu ameendesha malori mpaka akastaafu, na bado hutega sikio kwenye boneti kama daktari kwenye kifua cha mgonjwa. Amesema ameambiwa gari lake linakohoa njia nzima. Sikuuliza ameambiwa na nani. Namjua. Ni mwanyumba wangu, aliyemwoa dada wa mke wangu, mtu anayefuta viatu kwa kitambaa hata akiwa amekaa.

Mzee akamalizia hivi: akilikuta linakohoa, siku hiyo hiyo linakwenda kwa mwanyumba, maana yeye anajua kutunza vitu.

Eti gari lake! Alitukabidhi siku ya harusi yetu, mbele ya watu, watu wakapiga makofi. Ni kweli hakusema anatupa. Alisema tulitumie. Nilikuwa nimevaa suti ya kuazima inayobana kwapa, sikuyapima maneno.

Tunaliita Bi Mkubwa, kwa sababu halipendi kuharakishwa. Rangi ya chai ya maziwa. Mlango mmoja wa nyuma haufunguki kwa ndani. Lakini ndilo lililomleta mtoto wetu wa kwanza kutoka hospitali. Mke wangu alikaa nyuma amekumbatia kile kifurushi, nami nikaendesha taratibu mpaka mtu wa baiskeli akatupita akitutazama kwa huruma. Siwezi kumwona mwanyumba ameushika usukani ule.

Na kukohoa anakohoa kweli. Akiwashwa anakohoa. Akipanda kilima anakohoa. Akisimama kwenye taa anatetemeka mpaka na mimi natetemeka.

Nimetangaza mezani kwamba nitamfanyia sevisi mwenyewe. Mke wangu ni mshonaji, na alikuwa anakata uzi kwa meno. Uzi ukabaki mdomoni. Akauliza kwa nini tusimwite fundi wa pale kona. Nikamwambia yule ni swahiba wa mwanyumba, habari zitafika kabla ya spana. Akasema basi atanisaidia yeye, kwani alipokuwa msichana alimshikia baba yake tochi kila alipoinama chini ya boneti.

Nilicheka kidogo, kwa upendo. Kushika tochi si ufundi. Nikamweleza kwamba katika nyumba hii kila mtu na mashine yake: yeye cherehani, mimi injini. Akasema haya. Mke wangu akisema haya, hakuna cha kuongeza.

Baadaye.

Nimeanza na chujio la hewa. Lilikuwa na vumbi la miaka. Nimelipiga ukutani kama watu wanavyokung'uta mkeka. Vumbi limetoka lote, likapanda ukuta, likamwangukia jirani, nesi mstaafu, aliyekuwa ameanika mashuka meupe. Sasa ni ya kijivu. Amesema wodini kwake mtu wa namna yangu alikuwa anapewa dawa ya usingizi. Nimeomba radhi. Mashuka hufuliwa, lakini gari likienda halirudi.

Jumanne, 8 Agosti

Plagi.

Zote nne zimetoka, moja kwa shida. Nimeipanda spana kwa mguu. Imeachia ghafla, nikakaa chini bila kupanga. Sijaumia sana. Kiwiko tu, goti, na heshima, maana nesi alikuwa dirishani.

Plagi zilikuwa nyeusi tititi. Nimezisugua kwa msasa mpaka zikang'aa. Kisha kuna ule mwanya mdogo wa mwisho, pale cheche inaporukia. Mwanya ukiwa mpana, gari linakohoa. Ukiwa mwembamba, linakohoa vilevile. Lazima upimwe. Mafundi wana kifaa chao cha kupimia. Mimi nimetumia ukucha wa kidole kidogo, ambao ni mwembamba na siku zote uko nami.

Mke wangu alileta chai. Akauliza mwanya nimeupima kwa kifaa gani. Nikamwonyesha ukucha. Aliutazama kwa muda mrefu. Nadhani alivutiwa.

Akauliza tena kama nahitaji msaada. Nikamkumbusha: kila mtu na mashine yake. Haya, akasema.

Jumatano, 9 Agosti

Ufedhuli!

Mwanyumba amemtumia mke wangu ujumbe. Anataka ashonewe vitambaa vya kufunika viti. Viti vya gari gani? Vya Bi Mkubwa! Rangi ya kahawia, mshono mara mbili, na mfuko mdogo nyuma wa kuwekea gazeti. Na mke wangu amekubali! Nimemkuta amejipinda ndani ya gari langu na futi ya kupimia shingoni. Nikamuuliza yuko upande gani. Akasema yuko upande wa kazi, na vitambaa vitamfaa yeyote atakayekuwa na viti.

Nimekunywa maji na kurudi kwenye injini.

Leo ni zamu ya waya. Kila plagi ina waya wake, na waya zote nne zinatoka kwenye kile kikombe cheusi kinachogawa umeme. Zilikuwa na mafuta na uchafu wa kila aina. Mtu mwingine angezing'oa ovyo. Mimi ni karani wa stoo ya vifaa vya shule. Kwetu hakuna boksi linalotoka bila alama, na alama zote natia mimi. Mkurugenzi mwenyewe amewahi kusema kwamba alama zangu zinasomeka.

Basi nikachukua chaki. Nyumbani chaki hazikosekani. Kila waya nikauandika namba yake, na kwenye kikombe, mbele ya kila tundu, nikaandika namba ileile. Namba nzuri, zimenyooka. Nilisimama nikazitazama, nikafurahi. Nikawaza, mwanyumba kweli angekuwa na akili hii?

Kisha nikazing'oa waya zote, na kikombe nacho nikakitoa, nikavitia kwenye beseni la maji ya moto na sabuni nyingi, nikasugua kwa brashi.

Baadaye.

Waya zinang'aa kama mpya. Kikombe kinang'aa.

Namba sizioni.

Baadaye tena.

Nimeyatazama maji ya beseni. Yana weupe fulani. Naogopa ndizo hizo.

Alhamisi, 10 Agosti

Usingizi haukuja. Asubuhi nimepiga moyo konde. Waya ni nne, matundu ni manne, haiwezekani nikashindwa na vitu vinne mimi ninayesimamia stoo nzima.

Nimechomeka kwa mpangilio wa kwanza ulionijia. Nikawasha. Stata ilizunguka, ikazunguka, Bi Mkubwa akawa kama hajaambiwa kitu.

Nikabadilisha mbili. Akapiga chafya.

Chafya ni dalili ya uhai! Nikabadilisha mbili nyingine. Mke wangu akaita kutoka dirishani kwamba siyo hiyo. Nikamuuliza amejuaje, na hajaiona hata boneti. Akasema anasikia. Kasikia nini? Cherehani lilikuwa linaunguruma, mimi mwenyewe nilikuwa sijisikii.

Nikawasha. Bi Mkubwa akanyamaza kidogo, kisha akapiga mshindo kupitia bomba la moshi ambao uliwatoa kunguru kwenye mtaa mzima. Wingu jeusi likatoka. Likatulia juu ya mashuka ya nesi, yaleyale, aliyoyafua upya jana.

Nesi amevuka ukuta. Nilidhani anakuja kugomba. Hakugomba. Ameniambia nitoe ulimi. Kisha akaniuliza leo ni siku gani na mkuu wangu wa kazi anaitwa nani. Nilijibu vizuri yote mawili, akaondoka akitikisa kichwa kana kwamba hilo ndilo lililomsikitisha zaidi.

Mchana kutwa nimebadilisha waya. Kujua ipi nimeshaijaribu ndiyo kazi. Nilianza kuweka alama za mipangilio sakafuni. Kwa chaki. Mke wangu akafagia.

Jambo lingine la kuudhi: anapokanyaga cherehani anaimba, na wimbo wenyewe ni namba tupu. Moja, tatu, nne, mbili. Moja, tatu, nne, mbili. Tena kwa sauti, dirisha wazi, uso umenielekea mimi. Mara ya kwanza nilivumilia. Baadaye nikamsahihisha kwa upole kwamba baada ya moja ni mbili. Akaacha kuimba, akanitazama, akaweka paji la uso juu ya cherehani, akakaa hivyo. Anafanya kazi nyingi sana, maskini.

Ijumaa, 11 Agosti

Amekuja. Mwanyumba. Eti alikuwa anapita tu. Hakuna njia inayopita kwetu, mtaa wetu umeishia ukutani.

Ameleta manukato ya gari, ya kuning'iniza kwenye kioo. Ameyaning'iniza mwenyewe. Akaketi kwenye kiti cha dereva, akavuta kitu huko chini, akakisogeza kiti nyuma. Kiti changu! Nimekizoea pale kilipo tangu harusi. Akauliza kama anaweza kusikia injini. Nikamwambia Bi Mkubwa yuko kwenye mapumziko ya kitaalamu. Akasisitiza. Nikasema ufunguo anao mke wangu. Mke wangu akaita dirishani kwamba ufunguo uko mfuko wa shati langu, unaonekana.

Nikasema basi ni kanuni ya sevisi, injini haiwashwi kabla waya hazijakauka. Mwanyumba akasema hajawahi kuisikia kanuni hiyo. Nikamwambia ndiyo maana si fundi. Akafuta kiti kwa kitambaa chake, akaondoka. Ameniachia harufu ya ndimu gari zima.

Baadaye.

Nimepata wazo! Mzee haji kutazama, anakuja kusikiliza. Sasa kama anataka kusikia injini nzuri, kwa nini asisikie injini nzuri?

Nimekwenda kwenye kituo cha teksi. Kuna moja mpya, inanguruma laini. Dereva wake alikuwa anakula. Nikalala chini ya bampa na simu yangu, nikarekodi. Jumapili nitaificha simu chini ya boneti, nitazungusha ufunguo, na simu itafanya kazi iliyobaki.

Nimerudi nyumbani, nimeifungulia sauti yote. Mwanzo ni mzuri mno. Mngurumo mtamu, hakuna kikohozi hata kimoja. Kichwani nilimwona mzee akitabasamu. Kisha katikati ya mngurumo sauti ya mwanamume inasema, wazi kabisa, wewe bwana, unatafuta nini chini ya gari langu? Halafu zinafuata hatua za mtu anayekimbia, na mtu anayehema. Anayehema ni mimi.

Kituo kile sirudi tena.

Niliketi kwenye Bi Mkubwa, nyuma, mahali mke wangu alipokaa siku ile na mtoto. Nililia kidogo. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma. Si gari tu. Tangu nimuoe binti yake, mzee huyu hajawahi kuniuliza jambo lolote isipokuwa hali ya hewa huku kwetu. Nilitaka mara moja tu ainame juu ya kitu nilichokishika mimi, aseme kiko sawa.

Mke wangu alikuja akanifungulia mlango, kwa vile kwa ndani haufunguki. Akakaa karibu yangu. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli sitaki ashike hata waya mmoja. Nilimshukuru kwa moyo wake. Nikamwambia waya zile zina umeme, na mimi siwezi kuhatarisha mama wa watoto wangu. Akavuta pumzi ndefu. Haya.

Jumamosi, 12 Agosti

Siku ya mwisho. Nimemeza aibu, nimekwenda kwa fundi wa kona. Mpango: nitaulizia kwa niaba ya rafiki.

Kibanda kimefungwa. Muuza matairi wa jirani yake amesema fundi ameitwa kwenda kufufua lori lililokwama, kumbe kweli mafundi hufufua. Akasema huenda atarudi mchana. Nikaketi juu ya tairi nikasubiri. Muuza matairi akaniuliza shida yangu. Nikamwambia ni ya rafiki. Akauliza ni rafiki yule aliyelala chini ya teksi jana? Mtaa huu hauna siri.

Fundi hakurudi. Nimetembea mpaka nyumbani nimenywea kabisa, nikitunga maneno ya kumkabidhi mwanyumba ufunguo bila sauti kutetemeka.

Nimekuta boneti imefungwa. Nakumbuka niliiacha wazi. Mke wangu alikuwa kwenye bomba la uani, ananawa kwa sabuni ya vyombo. Mikono ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko, na kucha zake ndiyo usiseme. Nikashtuka, nikamuuliza kulikoni. Akasema cherehani limevuja mafuta. Kuhusu boneti akasema aliona mawingu, akaifunga. Niliangalia juu. Mbingu nyeupe, hakuna wingu hata moja. Lakini mwanamke akiwa na kazi nyingi huona mawingu.

Mafuta meusi namna ile si dalili nzuri kwa cherehani. Nimelitia akilini.

Jambo jingine dogo. Kwenye kopo lake la pini kuna kitu sijawahi kukiona: kisu kidogo cha chuma chenye vijembe vingi vyembamba vinavyofunguka kama feni, kila kimoja kimechongwa namba. Kimechakaa, kwenye mpini kuna herufi za kwanza za jina la baba yake. Nadhani ni cha kutolea vifungo. Familia ya watu wa kushona, kumbe.

Akajifuta mikono, akaniambia nijaribu kuwasha. Nikasema haina haja. Akasema nijaribu tu, gari limepumzika sasa.

Nikazungusha ufunguo.

Mara moja! Mara moja tu! Bi Mkubwa amewaka kama aliyekuwa ananisubiri. Hakuna kukohoa, hakuna kutetemeka. Niliweka glasi ya maji juu ya boneti, maji yakatulia. Nimepiga kelele. Nimemkumbatia mke wangu, nimemkumbatia hata nesi, ambaye alinishika mkono akahesabu mapigo yangu.

Sasa naelewa. Tatizo halikuwa mpangilio. Mpangilio wangu wa mwisho wa juzi ulikuwa sahihi muda wote, ila injini ilikuwa imechoka kwa kuwashwawashwa. Ilihitaji kulala. Hili hakuna fundi anayekwambia.

Jumapili, 13 Agosti

Wamefika. Mzee kwa shati lililopigwa pasi, na mwanyumba kwa pikapu ya kuazima. Nyuma ya pikapu kuna kamba. Kamba mpya, haijatolewa hata kwenye karatasi yake. Nikajifanya sikuiona.

Nimeamkia. Mzee ameitikia, akauliza hali ya hewa. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye gari. Nikawasha. Ufunguo ukanitelezea mara mbili, lakini Bi Mkubwa hakuniangusha. Mzee akafumba macho. Akainamisha kichwa juu ya injini. Tukasimama wote kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali. Mwanyumba alikuwa ameanza kufungua karatasi ya kamba. Ile karatasi ina kelele!

Mzee akafumbua macho. Akasema hajalisikia gari hili likilia hivi tangu alipokuwa nalo yeye mwenyewe.

Nilihisi kifua kinapanuka mpaka shati likanibana.

Akauliza nani amezipanga waya. Nikasema ni mimi. Mke wangu akakohoa. Nikaogopa kwa nukta moja kwamba ni gari. Mzee akaniuliza, kwa utulivu, plagi zinachoma kwa mpangilio gani. Swali la mtego. Nikajibu kwamba zinachoma kwa zamu.

Mzee akamtazama mke wangu. Mke wangu alikuwa anatazama angani, pengine mawingu tena. Mzee akasema, polepole, kama anayefundisha: moja, tatu, nne, mbili. Na mke wangu akatabasamu!

Kumbe kutojua kuhesabu ni kwa ukoo. Sikumsahihisha. Ni mkwe wangu.

Halafu mzee akashika mikono ya binti yake, akaigeuza, akazitazama kucha. Zina weusi bado. Akacheka mpaka akalazimika kuegemea bampa. Akaingiza mkono mfukoni akatoa ufunguo wa pili wa Bi Mkubwa, ambao hakuwahi kutukabidhi tangu harusi, umefungwa kwa uzi, akamwekea mke wangu kiganjani. Akasema gari haliendi popote. Mimi nilikuwa nimebeba trei ya chai, ndiyo maana hakunipa mimi.

Kisha akaniwekea mkono begani. Mara ya kwanza! Akasema gari la zamani linataka watu wawili, wa kulipenda na wa kulijua, na anashukuru kwamba katika nyumba hii wote wawili wapo.

Nikasahau kwamba nimeshika trei. Chai ilimwagikia viatu vya mwanyumba. Sikukusudia, lakini pia sikusikitika. Alipomaliza kufuta akauliza kuhusu vitambaa vyake vya viti. Mke wangu akamwambia vimeshakatwa kwa vipimo vya Bi Mkubwa, havitaingia gari lingine lolote, kwa hiyo asante sana. Ameondoka na kamba yake.

Nimewaza sana jioni yote kuhusu maneno ya mzee. Wa kulipenda na wa kulijua. Watu wawili. Nimejaribu kila namna. Nadhani wote wawili ni mimi.

Jumatatu, 14 Agosti

Likizo bado ipo, na nyumba ina amani. Mke wangu ameamka mapema, amevalisha viti vile vitambaa vya kahawia, akachukua ufunguo wake na kwenda na Bi Mkubwa kununua vifungo na zipu. Ana sare za shule za darasa zima za kukabidhi keshokutwa. Amekisogeza kiti mbele kidogo. Nimemsamehe.

Niliposikia gari linapotelea kona bila kukohoa, roho yangu ilijaa shukrani. Wiki nzima amenivumilia, ameniletea chai, hata amejitolea kushika waya zenye umeme. Na mwenzangu huyu anafanya kazi kwa cherehani linalovuja mafuta meusi mpaka viwikoni! Hajalalamika hata mara moja. Mume gani anaona hivyo akanyamaza?

Kila mtu na mashine yake, nilisema. Lakini mwenye ujuzi hawezi kuuficha.

Nimelifungua cherehani lote. Si gumu, ukishafanya injini. La ajabu ni kwamba ndani sikuona mafuta meusi, lilikuwa safi kabisa, maana yake uvujaji umejificha mahali pabaya zaidi. Nimetoa mpaka skrubu ya mwisho. Vyuma ni vingi kuliko nilivyotarajia na baadhi vinafanana kama mapacha, ila safari hii siendi kichwakichwa. Kila kimoja nimekipa namba yake, nzuri, iliyonyooka, kwa chaki ya buluu, kwa sababu ile nyeupe nadhani ndiyo haikuwa na ubora.

Nesi amechungulia ukutani. Akatazama meza, akatazama beseni, akaenda kuanua mashuka yake.

Maji yamechemka. Natia sabuni.